Videge vya Sauti Nyembamba

Shemeji yangu hakai. Ukimpa kiti anakizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwisho anasimama nyuma yake, ameshika egemeo, na mazungumzo yanaendelea hivyo hivyo, yeye wima na wewe umeinua shingo. Mimi pia si mtu wa kutulia. Nimefundisha vyuo vingi, na digrii yangu mwenyewe niliiokota vipande vipande, kipande huku, kipande kule, kama kuni za njiani. Lakini mimi natembea miji. Yeye anatembea sebule.

Muhula huo nilikuwa nimepata mkataba chuoni kwake, kufundisha uchambuzi wa data. Mke wake ni mdogo wangu, tumbo moja, kwa hiyo nikapewa chumba cha uani na onyo nisiache viatu mlangoni. Shemeji alifundisha ikolojia na uhifadhi. Wanafunzi walimwita Masikio, na hakulichukia jina hilo hata kidogo.

Jina lilitoka msituni. Nyuma ya madarasa, ukipita karakana na matangi ya maji, kuna msitu wa chuo. Si msitu wa kumpoteza mtu. Ukiingia upande huu na haraka zako, unatokea upande wa pili kabla hujatoa jasho. Ndani yake kuna njia moja yenye vigingi vyekundu, na kila kigingi ni kituo cha kuhesabia ndege. Tangu binti yake hajazaliwa, Masikio alikuwa akiipita njia hiyo alfajiri, msimu hadi msimu. Anasimama kwenye kigingi, anafumba macho, anasikiliza, anaandika. Hapo tu ndipo nilipowahi kumwona ametulia. Ndege wa msituni, alisema, ukitaka kuwahesabu kwa macho utaishia kuhesabu majani.

Na alikuwa na sharti lake. Wanafunzi waje, wajifunze, wachafue viatu, lakini kinachoingia kwenye data ni kile alichokisikia yeye peke yake.

"Ukibadilisha mzani kila mwaka," aliwaambia darasani, akienda na kurudi mbele ya ubao, "utajuaje kama gunia limepungua, au mzani ndio mwingine? Sikio ni mzani. Mzani mmoja, mtu mmoja."

Wanafunzi wakaliandika. Hata mimi nililiona la maana, nikalihamishia kwenye somo langu kama vile nililifikiri mwenyewe.

Basi mzani huo ulikuwa umeonyesha jambo baya. Hua walikuwapo, hondohondo walikuwapo, shore walijaa tele. Lakini chozi walikuwa wanateremka mwaka hadi mwaka, na kile kidege cha kijivu kinachokaa juu kabisa ya miti, ambacho wanafunzi walikiita Sindano kwa jinsi sauti yake ilivyo nyembamba na kali, kilikuwa kimekwisha. Sifuri, na sifuri tena. Masikio alikuwa amepiga mbiu kila mahali. Grafu yake ilibandikwa ukutani kwenye korido ya walimu, mstari mwekundu unashuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Alitaka watu washtuke, waulinde msitu.

Watu walishtuka, ila kwa upande wao. Mkuu wa chuo alikuwa anatafuta pa kujenga hosteli. Akaisoma grafu ile akipita koridoni, akaiomba, akaiweka kwenye mapendekezo yake kwa baraza la chuo. Hoja yake ilikuwa fupi: msitu umeshakufa, mtaalamu wetu mwenyewe ndiye anayesema. Tutatunzaje miti isiyo na ndege wakati wanafunzi wanabanana vyumbani kama viberiti? Baraza lingekaa Alhamisi. Likikubali, misumeno ingeingia kabla muhula haujaisha, na somo la msituni lingehamia kwenye chumba cha kompyuta.

"Nimejipalia makaa," Masikio alisema siku hiyo wakati wa chakula, sahani mkononi, amesimama. "Nimepiga kelele kwamba nyumba inaungua, watu wamekuja na majembe, wanasema vizuri, tulime hapo hapo."

"Kaa ule," mdogo wangu akamwambia.

"Nakula."

"Unakula kama mtu anayeogopa kuachwa na gari. Na simu yako imelia mpaka imechoka, hukupokea."

"Haikulia."

"Ililia. Kaka, simu ililia, haikulia?"

Nikasema mimi kuku mgeni, kamba bado iko mguuni, sitoi ushahidi.

"Huyu masikio ya kazini anayaacha kazini," mdogo wangu akasema. "Hapa anatuletea ya akiba."

Binti yao akacheka mpaka akapaliwa. Nyumbani anaitwa Chiriku, kwa kuwa tangu utotoni akiamka mdomo unaamka naye. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasoma ikolojia kwa baba yake na takwimu kwa mjomba wake, na darasani alitubishia wote wawili bila upendeleo.

Nilitaka kumsaidia shemeji. Nikawaza, kama tungejua kwa nini videge hivi vinapungua na vingine havipungui, angekuwa na la kuliambia baraza: tatizo ni hili, dawa yake ni hii, msiukate. Kwa hiyo nikawapa darasa langu data yake yote. Swali likawa moja: wanaopungua wanafanana kwa kitu gani?

Chumba cha kompyuta kiko ghorofa ya juu, jua linaingia kwa dirisha lisilo na pazia, na kila mtu anainamisha kioo chake kama anayefunika sufuria. Kundi la kwanza likapima ukubwa wa mwili. Kundi la pili likaangalia chakula. La tatu likaangalia mahali ndege anapojenga kiota. Kila grafu iliyotoka ilikuwa na vitone vilivyotapakaa kama punje zilizomwagika sakafuni. Kuku mwenyewe asingejua aanzie wapi.

Chiriku alikaa kona yake, amenyamaza. Chiriku akinyamaza ujue kuna jambo.

Wenzake walipotoka akabaki. "Mjomba, njoo uone."

Nikaenda. Vitone kwenye kioo chake vilikuwa vimejipanga kama siafu.

"Nimeongeza safu moja kwenye data," akasema. "Wembamba wa sauti. Nimezipima kutoka kwenye rekodi za maktaba, ndege mmoja mmoja."

Nikavuta kiti. Ndege wa sauti nzito alikuwa palepale alipokuwa tangu zamani. Wa sauti ya kati ameshuka kidogo. Na kadiri sauti ilivyozidi kuwa nyembamba, ndivyo ndege alivyozidi kupungua. Tena waliondoka kwa zamu. Wembamba kabisa walitangulia, wakafuata waliokuwa chini yao, kama watu wanaotoka ukumbini mstari kwa mstari.

"Kifo gani hiki kinachochagua sauti?" nikauliza.

Hakucheka. "Chozi ananyonya maua, Sindano anakula wadudu. Mmoja anajenga chini, mwingine juu. Hawana hata undugu wa kusingizia. Kitu pekee kinachowaunganisha ni sauti. Mjomba, hii si habari ya ndege. Ni habari ya anayewasikiliza."

Nikabaki nakitazama kioo. Jambo lenyewe nilikuwa nalijua, lipo katika vitabu: masikio ya mtu yakianza kuzeeka, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuaga. Nzito zinabaki. Mtu anaongea na wewe vizuri, anakujibu, anakukatiza, wala hajui kwamba ameibiwa, kwa kuwa sauti isiyokufikia haikupi taarifa kwamba haikukufikia. Shemeji alikataza mzani usibadilishwe, na mzani ukabadilika mikononi mwake mwenyewe.

"Lakini mnakwenda naye darasa zima," nikasema. "Ninyi vijana hamkuwasikia hao Sindano?"

"Tunasikia."

"Sasa?"

"Tunamwangalia usoni." Akasema hivyo akichezea kona ya meza. "Ukisikia kitu unamtazama. Asipoandika, unajua umesikia vibaya. Mjomba, yule ni Masikio. Nani atamwambia Masikio kwamba kuna ndege?"

Tukakubaliana tusifungue mdomo mpaka tuhakikishe. Kesho yake alfajiri tukamfuata. Alifurahi kuniona, akaniazima viatu vya mpira vilivyonibana. Chiriku alikuwa na simu yenye programu inayochora sauti: sauti nzito inachorwa chini ya kioo, nyembamba inachorwa juu.

Kwenye kigingi cha chini ya mti mrefu kuliko yote, shemeji akafumba macho. Hua alilia kwa mbali. Hondohondo wakapita na vurugu zao. Akaandika. Chiriku aliinua uso juu, halafu akanigusa kiwiko.

"Unasikia?" akanong'ona.

"Nini?"

Akanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Kisha akanionyesha simu. Juu kabisa ya kioo kulikuwa na michirizi midogo, mingi, inakimbia kama mshono wa cherehani.

"Sindano," akanong'ona tena. "Wawili, labda watatu. Mjomba, mmoja yuko juu ya kichwa chako."

Mimi nilisikia majani tu. Basi nikajua la shemeji, na la kwangu nikalijua hapo hapo, kwa bei moja.

Masikio alifumbua macho. "Kimya," akasema, na huzuni ilikuwa ya kweli. "Zamani hapa usingeweza hata kufikiri kwa kelele zao." Akainama, akaandika sifuri.

Tulirudi tukiwa nyuma yake, tunabishana kwa kunong'ona.

"Mwambie wewe," nikamwambia Chiriku.

"Mimi mtoto wake."

"Mama yako je?"

"Mama atalifanya ugomvi wa simu. Mwambie wewe, shemeji yake. Mnatukanana kutwa, hata ukimwita mwizi anacheka."

"Hapo ndipo ubaya ulipo. Atacheka."

Nikazunguka nalo kutwa nzima. Nilifundisha vibaya, nikatoka nje ya geti nikarudi, nikapanga nguo zangu kwenye begi bila sababu nikazipangua. Mtu aliyezoea kuondoka, akikutwa na neno gumu la kusema, miguu ndiyo inayomwasha kwanza.

Jumatano alasiri, siku moja kabla ya baraza, shemeji alikuwa sebuleni anajifunza hotuba yake, anazunguka viti. Mdogo wangu alikuwa anapiga pasi karibu na dirisha. Shemeji alikuwa ameamua kusema kwamba ndege wamepungua, lakini si sababu ya kuukata msitu. Kwamba wagonjwa hawazikwi. Ilikuwa hotuba nzuri, na kila neno lake lilisimama juu ya sifuri ile.

"Shemeji," nikasema, "nimechunguza nikaona mdogo wangu tulimwoza kwa kiziwi."

"Afadhali kiziwi kuliko msafiri. Kiziwi anajua nyumbani kwake."

"Sifanyi mzaha."

"Na mimi sifanyi. Lini wewe umewahi kunyoa ndevu kwenye kioo kimoja mwaka mzima?"

Mdogo wangu akacheka juu ya pasi. Nikaona hii njia itanipeleka mbali, nikakata kona. "Sindano wapo msituni. Tumewarekodi jana, ukiwa umesimama chini yao."

Akasimama. Kisha akatabasamu, lile tabasamu la mwalimu aliyesikia jibu la mtoto mvivu. "Ulikuwa na Chiriku, siyo? Huyo atakuwa amerekodi panzi."

Chiriku akatoka chumbani na spika ndogo mkononi. Akaiweka mezani.

"Baba, nitapiga sauti. Naanza na nyembamba kabisa, kisha nashuka polepole. Ukiisikia, inua mkono."

"Mtihani? Katika nyumba hii mtungaji mitihani ni mimi." Lakini alisogea, akashika egemeo la kiti.

Chiriku akabonyeza.

Mimi sikusikia kitu, wala sikutegemea. Nilikuwa namwangalia mdogo wangu. Alikunja uso, akageuza shingo, akaweka kiganja kwenye sikio. "Zima hiyo, mtoto," akasema. "Inanichoma mpaka kwenye jino."

Masikio alikuwa bado anasubiri. "Anza basi," akamwambia binti yake.

Pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya kola, mdogo wangu akaiinua na mvuke ukapanda. Shemeji akamtazama mke wake na kiganja chake pale sikioni. Akaitazama spika. Akautazama mkono wa Chiriku, kidole bado kiko kwenye kitufe.

"Inalia?" akauliza.

"Inalia, baba."

"Shusha."

Akashusha.

"Shusha tena."

Ikashuka, ikashuka. Mdogo wangu alikuwa amegeukia dirishani. Mkono wa shemeji ulipopanda hatimaye, na wangu ulipanda, sawia, tukatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja. Siku nyingine tungecheka.

Chiriku akafungua kompyuta, akamwonyesha grafu ya vitone. Shemeji aliinama juu yake, akafuata mstari kwa ukucha, kuanzia hua mpaka Sindano. Ni mtu wa sayansi, hakuhitaji kuelezwa.

"Nani ameongeza safu hii?"

"Mimi."

"Nzuri," akasema, kwa sauti ile ile ya darasani. Halafu akatoka, tukasikia lango.

Alirudi jua likielekea kuzama, viatu vina matope. Nilimkuta bombani uani, anaosha kimoja, anakiacha, anachukua kingine, anarudia cha kwanza.

"Nimekwenda mpaka kigingi cha mwisho," akasema. "Nimesimama pale kama mtu anayegonga mlango. Kumbe wenyewe wapo ndani wanapiga soga."

"Wapo. Hilo ni jema."

"Ni jema kwao. Kesho nikiliambia baraza, msitu unapata ndege wake, na mimi napata nini? Kazi yangu yote inakuwa cheti cha hospitali. Miaka yote hiyo nilidhani naandika maradhi ya msitu, kumbe naandika ya kwangu." Akafungua maji, akayafunga. "Wote waliobandika grafu ile ukutani kwao nitawaambia nini?"

"Na ukinyamaza?"

"Nikinyamaza hakuna anayejua, isipokuwa ninyi, na ninyi ni watu wangu. Nabaki mzee aliyeona msitu ukifa akalia. Heshima yangu yote palepale. Misumeno inaingia. Mwakani Sindano kweli hayupo." Akacheka, kicheko kibaya. "Yaani uongo wangu ukiachwa kidogo tu, unageuka kuwa kweli. Grafu yangu itakuwa sahihi, shemeji. Umewahi kuona kosa linalojisahihisha hivyo?"

Nilikaa pale kwenye ukingo wa karo, na kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa.

Alhamisi ukumbi mdogo ulijaa. Walimu tuliruhusiwa kuhudhuria bila kuchangia, nikakaa nyuma pamoja na Chiriku, aliyekuja kama mwakilishi wa wanafunzi. Mkuu wa chuo hakuwa mtu mbaya. Alionyesha picha za vyumba vya wanafunzi, magodoro yamelazwa chini mpaka mlangoni, na mimi mwenyewe nikaona aibu. Kisha akaweka mstari mwekundu ukutani.

"Mwalimu," akasema, "sema mwenyewe, wasije wakadhani nimekulisha maneno."

Masikio alikuwa tayari amesimama. Alikwenda mbele, akapita kwenye mwanga wa projekta, na kwa muda mstari ule ukateremka juu ya shati lake. Nilidhani atatoa hotuba ya wagonjwa wasiozikwa. Hata karatasi alikuwa nayo.

"Grafu hii nimeichora mimi," akasema. "Haina udanganyifu, ila si ya ndege. Ni ya masikio yangu."

Mmoja akacheka, akidhani ni utangulizi. Masikio akasubiri amalize. Kisha akaeleza, akitembea huku na huku: safu aliyoiongeza mwanafunzi wake, sauti nyembamba zilivyotangulia, rekodi ya alfajiri, spika ya mezani. Hakumtaja binti yake kama binti. Alisema mwanafunzi wangu, na Chiriku akaniminya mkono mpaka nikakunja vidole.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja, hakimu mstaafu, mwenye miwani ya kuning'inia. "Kwa hiyo, mwalimu, miaka yote hii ulitudanganya?"

"Hapana, mama. Niliandika nilichosikia. Sikujiuliza kama bado nasikia."

"Na ndege wapo wangapi?"

"Sijui."

"Hujui."

"Mpaka jana nilikuwa najua. Leo sijui, na hapa chuoni hakuna anayejua, kwa sababu sikumruhusu mtu mwingine ahesabu."

Mkuu akasimama. "Waheshimiwa, maana yake hatuna data kabisa. Msitu unaweza kuwa hai, unaweza kuwa umekufa."

"Ndiyo," akasema Masikio.

"Na mimi niwaambie wanafunzi walale juu ya 'sijui' yako?"

"Wanafunzi wajengewe. Lakini hakuna aliyekuja hapa kukata msitu wenye ndege. Mlikuja kukata msitu mtupu, na utupu huo niliwapa mimi. Naurudisha."

Hakimu mstaafu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Walinong'onezana kwa muda mrefu. Uamuzi ulipotoka haukumfurahisha mtu: hakuna kukata, wala hakuna kusema msitu umepona. Wahesabu upya, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, ndipo baraza likae tena. Mkuu atafute kwa muda pa kuwalaza wanafunzi.

"Na atakayehesabu ni nani?" hakimu akauliza.

"Wanafunzi," Masikio akasema. "Mimi nitafundisha. Nisihesabu tena, na iandikwe hivyo."

Ikaandikwa.

Koridoni Mkuu alimkuta akiibandua grafu ile ukutani. "Mwalimu, ungeniambia mapema ningejipanga."

"Na mimi ningependa kuambiwa mapema," shemeji akamjibu, akiendelea kung'oa pini.

Jumamosi wanafunzi waliingia msituni bila yeye kwa mara ya kwanza. Alijipa kazi ya kubaki karibu na karakana. Akazunguka matangi ya maji upande huu, akazunguka upande ule, akarekebisha valvu ambayo haikuwa na tatizo, akanituma mara kwa mara nikaangalie kama wanatoka. Nilikwenda, maana na mimi kusimama kulinishinda. Zilibaki wiki chache mkataba wangu uishe, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimeuliza chuo kinachofuata kiko wapi.

Walitoka wakiwa na furaha, majani kwenye nywele. Kijana mrefu alitangulia na karatasi.

"Sindano wawili kigingi cha chini ya mti mkubwa, mwalimu."

"Umewasikia wewe?"

"Mimi nilisikia watatu. Mwenzangu alisikia mmoja." Akamwonyesha Chiriku kwa kidevu. "Yeye wawili. Tukajadiliana, tukakubaliana wawili."

"Mmekubaliana," shemeji akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Nipe karatasi." Aliikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni. "Rudini."

"Leo?"

"Sasa hivi, jua halijapanda. Kila mtu na karatasi yake. Mpeane migongo, msiangaliane. Aliyesikia watatu aandike watatu, asiyesikia aandike hakusikia, na msikubaliane. Mkitoka huko msikubaliane, na hapa mbele yangu pia msikubaliane. Nikijua mnatofautiana kiasi gani nitaweza kukisia ni ndege wangapi wanaowapita ninyi nyote bila kusikika. Mkikubaliana mmeniharibia kazi."

Walitazamana. "Na kama sote tumekosea?" Chiriku akauliza. Chuoni humwita mwalimu, lakini safari hii aliacha tu swali likae bila jina.

"Basi tutajua tumekosea kwa kiasi gani. Mimi sikujua."

Wakageuka wakarudi, wanasukumana. Aliwafuata mpaka kigingi cha kwanza, miguu ikaendelea kidogo, akaizuia kwa nguvu, akarudi.

"Yule aliyesikia watatu," akaniambia, "ana masikio mazuri au ana tamaa?"

"Bado hatujui, shemeji."

"Bado hatujui," akasema, akaanza kuzunguka matangi, safari hii kwa upande wa kushoto.